Zege Halitibu Boriti Iliyooza

Uliza leo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar sakafu ya ghorofani iliyoanza kunepa itengenezwe vipi, na jibu utalipata hata hujamaliza swali: mwaga zege, panga vigae, basi. Atakwambia hivyo mwenye nyumba wa Kiponda, atakwambia fundi anayevuka kutoka Ng'ambo na toroli lake, atakwambia mpangaji aliyechoka kufagia mchanga unaodondoka kutoka darini, na siku hizi atakwambia hata kijana aliyehitimu masomo ya ujenzi. Rai hiyo imeota mizizi Lamu, imeota Mji wa Kale wa Mombasa, kiasi kwamba anayeipinga hutazamwa kama mtu anayetaka wenzake waendelee kulala chini ya dari mbovu ili wageni wapate cha kupiga picha. Mimi naipinga, na sitaki mtu yeyote alale chini ya dari mbovu. Naipinga kwa sababu katika nyumba hizi zege linalomwagwa juu ndilo linaloharakisha kuanguka kwa dari ya chini.

Rai yenyewe, kwa haki yake

Wanaoishikilia si wajinga wala si wavivu, na hoja zao zinatoka katika shida za kweli. Wanasema nyumba hizi zina zaidi ya karne moja na miti iliyomo imechoka. Wanasema chokaa inataka subira ambayo mwenye watoto sita na bafu linalovuja hana, wakati saruji inaganda usiku na asubuhi unakanyaga. Wanasema waashi wanaoijua chokaa wanazidi kupungua, na wale waliobaki hawapatikani kwa siku unayowataka. Wanasema boriti ni mikoko, na mikoko tunahimizwa kila siku tuilinde. Wanasema familia ya leo inataka choo na bafu ghorofani, jambo ambalo sakafu ya chokaa haikuzoea. Mwisho wanasema, na hapa ndipo sauti hupanda, kwamba nyumba ni ya mtu, fedha ni zake, na habari za urithi wa dunia hazimlipii fundi.

Yote hayo nimeyasikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Lakini kabla ya kujibu hata moja, inabidi tukubaliane tunazungumzia kitu gani, kwa sababu wengi wanaobishana juu ya sakafu hizi hawajawahi kuitazama iliyofunguliwa.

Kilichomo chini ya mkeka

Sakafu ya ghorofani katika nyumba ya kale ya mwambao ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa zimelala boriti, miti ya mikoko iliyonyooka, moja baada ya moja, kutoka ukuta hadi ukuta, vichwa vyake vimezikwa ndani ya ukuta wenyewe. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba: mita mbili na nusu, tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe. Juu ya mawe humwagwa kifusi cha mawe madogo na chokaa, kisha hupigwa kwa vipande vya mti. Kupiga sakafu ilikuwa kazi ya watu wengi, wanawake khasa, waliokaa safu safu wakipiga na kuimba siku kadhaa mpaka chokaa ikashikana na kuwa jiwe moja. Unene wake unaweza kufika sentimita 20 na kupita. Juu kabisa ni lipu laini ya chokaa, na mkeka.

Ukuta nao ni mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita na zaidi, na una matundu madogo yasiyohesabika. Unguja hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi yake katika masika. Ukuta huinywa mvua hiyo, na kaskazi inapoingia huitoa. Sakafu hufanya vivyo hivyo. Nyumba nzima imejengwa juu ya ruhusa hiyo ya unyevu kuingia na kutoka, na mti uliomo ndani yake hudumu kwa sababu haulowi muda mrefu. Watu wanaoshangaa boriti za miaka 150 zikiwa bado nzima hudhani siri iko kwenye mti peke yake. Mkoko una tanini nyingi, kweli, na bungua na mchwa hawaupendi. Lakini hata mkoko huoza ukikaa na maji.

Nimeshika kichwa cha boriti iliyotolewa ukutani katika nyumba moja ya Mkunazini. Sehemu yake kubwa ilikuwa ngumu, rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na msumari ulipinda kabla ya kuingia. Shubiri moja ya mwisho, ile iliyokuwa imezikwa, ilisagika mkononi mwangu kama ugoro. Upande wa nje wa ukuta uleule lilipita bomba la maji machafu la bafu la juu, limefungwa kwa kitambaa na rangi. Upande wa ndani ulikuwa umepigwa lipu ya saruji kutoka chini mpaka darini. Juu ya boriti hiyo, chumbani, vigae vilikuwa vyeupe, vipya, bila ufa hata mmoja. Mwenye chumba alikuwa ameniambia sakafu yake imeshatengenezwa.

Kwanza: kwamba zege ni imara

Ni imara. Hakuna anayebisha. Lakini uimara wa zege lililomwagwa juu ya sakafu ya kale haubebi kitu, maana zege hilo halina mahali pake pa kukaa. Halikuingia ukutani, halina nguzo, halina mhimili. Limekalia kifusi, kifusi kimekalia mawe, mawe yamekalia boriti. Boriti ileile iliyosemwa imechoka ndiyo inayobeba kila kilichoongezwa.

Tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Tabaka la sentimita 5 ni kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Weka vigae na kilichovigandisha, uongeze kilo 20 kwa uchache. Chumba cha mita 3 kwa 7 kina mita za mraba 21. Jumla ni kilo 2,940, karibu mifuko 60 ya saruji ya kilo 50 iliyopandishwa ghorofani, ikalazwa chumbani na kuachwa humo maisha. Hakuna mwenye nyumba ambaye angekubali kuhifadhi mifuko 60 ya saruji katika chumba ambacho sakafu yake inanepa. Angemfukuza aliyeileta. Uzito uleule ukija umekorogwa na maji na kusawazishwa kwa ubao, anaulipia.

Na sentimita 5 ni kipimo cha makaratasi. Sakafu iliyonepa imeshuka katikati. Fundi anayetaka vigae vilale sawa hana njia ila kujaza pale paliposhuka, kwa hiyo tabaka huwa jembamba kandokando na nene katikati, pengine sentimita 8, pengine 10. Katikati ndipo boriti inapopinda zaidi kwa mzigo. Kwa maneno mengine, njia hii huchagua mahali dhaifu kuliko pote na kupaweka mzigo mkubwa kuliko wote, kisha hupafunika pasionekane tena.

Wapo wanaojibu: basi tutatia wavu wa nondo ndani. Nondo zitasaidia zege lisipasuke, lakini kingo zake bado hazina pa kushika. Ili zishike inabidi ukuta uchimbwe mfereji kuzunguka chumba kizima, usawa uleule wa vichwa vya boriti. Ukuta wa mawe yasiyochongwa, ulioshikamana kwa chokaa, ukichimbwa mfereji wa namna hiyo hupoteza sehemu ya upana wake pale hasa unapobeba ghorofa. Nimeona ikifanywa. Nimeona pia mipasuko mirefu ya mlalo iliyofuata.

Kosa hili halihusu chokaa tu. Katika nyumba za mjini zenye sakafu ya mbao juu ya miti mizito, mambo ni yale yale kwa sura nyingine: mbao za juu hupigwa msasa, zikapakwa vanishi zikang'aa, na kule chini mihimili imeoza inapoingia ukutani. Mtu huuliza kwa nini ubao wa dirishani unacheza ukikanyagwa, akaambiwa aongeze misumari. Msumari unaingia katika ubao, ubao umekaa juu ya unga.

Pili: kwamba saruji huzuia maji

Hii ndiyo imani iliyoleta hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu inafanana sana na ukweli. Saruji huzuia maji yasipite haraka. Pia huzuia yasitoke. Bafu la ghorofani lenye vigae lina mamia ya mistari ya viungo kati ya kigae na kigae, na sakafu inayotikisika kidogo kila mtu anapopita haiwezi kuiacha mistari hiyo bila nyufa nyembamba. Maji huingia hapo tone kwa tone. Katika sakafu ya chokaa yangeonekana kesho yake, doa kwenye dari ya chini, na mtu angepiga kelele. Chini ya zege hutambaa kimya mpaka kwenye ukingo, yaani ukutani, yaani kwenye vichwa vya boriti.

Mti ukibaki na unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hawauozeshi. Ukizidi hapo kwa muda mrefu, kuoza ni suala la wakati, na mchwa ambao ungewashinda ukiwa mkavu hupata njia. Sasa ongeza lipu ya saruji kwenye ukuta wa chini, kama inavyofanywa karibu kila nyumba inayopangishwa. Unyevu wa ardhini uliokuwa ukitoka kwenye ukuta kwa urefu wa goti au kiuno hauna tena pa kutokea, hivyo hupanda ndani ya ukuta ukitafuta mwanya, mpaka ukakutana na ule unaoshuka kutoka bafuni. Boriti hushambuliwa na maji ya juu na ya chini kwa pamoja, na kila upande umezibwa kwa kitu kinachosifiwa kwamba kinazuia maji.

Kuna chumvi pia. Huu ni mji wa bahari: upepo una chumvi, mawe yana chumvi, na mchanga wa ujenzi mara nyingine hauoshwi ipasavyo. Chumvi husafiri na maji, na maji yanapokauka hubaki nyuma, ikageuka fuwele na kutanuka. Ikitokea juu ya uso wa chokaa, chokaa humomonyoka kidogo kidogo, ukapaka upya. Ikitokea nyuma ya saruji, husukuma bamba zima la lipu likaanguka na vipande vya mawe. Na nondo zilizomo ndani ya zege la mwambao nazo huanza kushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Kila anayeishi pwani ameona vibaraza vya zege vilivyojengwa miaka ya 1970 vikiwa vimeacha nondo nje. Kitu hicho ndicho tunachoambiwa kitazidi umri wa chokaa.

Tatu: kwamba ni rahisi

Ni rahisi kwa anayelipa mara moja na kuondoka. Bei inayotajwa ni ya mifuko, mchanga, kokoto, vigae na siku za fundi. Haimo bei ya kuondoa. Sakafu ya chokaa ikiharibika, unafungua kipande cha mita moja, unatengeneza, unafunga. Zege likishaganda juu ya chokaa huwezi kulivunja bila nyundo zinazotikisa nyumba nzima, na hubanduka na chokaa iliyo chini yake, mawe yakimwagika kwenye chumba cha watu. Hivyo hakuna anayelivunja. Sakafu ikinepa tena, huongezwa tabaka jingine juu yake. Katika nyumba moja ya Malindi niliona ukingo wa sakafu uliokatwa kupitisha bomba: chokaa ya kale, juu yake zege, juu yake vigae vyekundu, juu yake zege tena, juu yake vigae vyeupe. Kizingiti cha mlango kilikuwa kimezama, na mlango umepunguzwa kwa msumeno upate kufunguka. Mtu wa kwanza alipata kazi rahisi. Wa pili pia. Wa tatu atarithi uzito wa wote wawili na boriti ambazo hakuna aliyezitazama tangu mwanzo.

Nne: kwamba boriti ni uharibifu wa mikoko

Hoja hii inastahili heshima kuliko nyingine. Mikoko inahifadhi pwani, inazalia samaki, na ilikatwa mno: majahazi yalibeba boriti kutoka delta ya Rufiji na Lamu kwenda Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hata Kenya ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Anayetaka kibali na hesabu kabla ya mkoko kukatwa yuko sahihi.

Lakini tazama zege linavyojengwa. Anayetaka kung'oa boriti zote na kumwaga bamba jipya anahitaji ubao chini ya bamba zima, na ubao huo unashikiliwa na mirunda, mti kwa mti, msitu mzima chumbani kwa wiki kadhaa. Mirunda hiyo ni miti. Imekatwa mahali. Ukimaliza inatumika tena mara chache, kisha kuni. Upande wa pili, chumba chenye boriti 21 ambamo vichwa vya 5 vimeoza kinahitaji miti mipya 5, na 16 iliyobaki inaendelea kutumika kwa karne nyingine. Wala miti hiyo 5 haina lazima kuwa mikoko. Mvinje unaota visiwani, hupandwa, hunyooka, na ukitiwa dawa vizuri unafaa. Anayesema anaihurumia mikoko kisha anatupa boriti 16 nzima pamoja na 5 mbovu hajaihurumia mikoko iliyokwisha kukatwa.

Tukienda mbali zaidi, utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayozalishwa na binadamu, na tanuri lake hutaka joto la nyuzi 1,450. Chokaa huchomwa kwa nyuzi 900 hivi, na inapokauka ukutani hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ukaa iliyoitoa. Matanuu ya zamani yalikula magogo ya minazi na matumbawe kwa wingi, siyatetei. Chokaa ya leo yaweza kununuliwa kwa mfuko, ikalazwa shimoni na maji wiki kadhaa mpaka iive.

Tano: kwamba Beit al-Ajaib imeshatoa hukumu

Tangu tarehe 25 Disemba 2020, kila mjadala wa nyumba za kale huishia hapo. Jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Watu husema: mmeona miti na chokaa ilivyo?

Sitamtwisha mtu lawama za msiba ule. Nasema tu kwamba jumba lile si nyumba ya boriti na chokaa peke yake. Lina nguzo za chuma cha kusubu, lina mihimili mikubwa ya chuma, lina mabamba ya zege, pamoja na mawe ya matumbawe na boriti. Lilikuwa mchanganyiko tangu siku ya kwanza. Anayelitumia kuthibitisha kwamba zege lingeiokoa miti ameshika mfano usiomtii. Kama lina funzo kwa mwenye nyumba wa kawaida, ni kwamba jengo linalobeba chuma, zege na mawe laini kwa pamoja linataka kukaguliwa chini na ndani ya kuta, mwaka baada ya mwaka, na mtu anayejua kila kimoja kinavyozeeka.

Kazi inayotakiwa

Wanaotetea zege hupenda kusema kwamba sisi wa chokaa tunakataza tu, hatuelekezi. Basi kazi yenyewe ni hii, nami naiandika kwa urefu kwa sababu hakuna siri ndani yake.

Anza chini, katika chumba ambacho dari yake ndiyo sakafu yako. Gonga kila boriti kwa nyundo ndogo, katikati na karibu na ukuta. Mti mzima hulia, ulioliwa hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Choma kichwa kwa bisibisi pale kinapoingia ukutani: ikizama bila kusukumwa, umeipata. Tia alama kwa chaki. Tazama unga mwembamba sakafuni, tazama ufa unaokwenda sambamba na ukuta, tazama mlango ulioanza kukwama. Kisha panda juu utafute maji yanatoka wapi, kwa sababu kubadilisha boriti na kuliacha bomba linavuja ni kupanda mti mwingine wa kuozeshwa. Mara nyingi chanzo ni bomba la bafu, paa lililoziba mfereji, au tangi la maji lililowekwa juu ya ukuta.

Maji yakishazibwa, ukuta uachwe ukauke, na lipu ya saruji iliyo karibu na vichwa vya boriti ibanduliwe. Dari isimamishwe kwa mirunda michache yenye ubao juu na chini. Sakafu ifunguliwe juu ya boriti mbovu tu. Ambayo kichwa chake pekee kimeoza haina haja ya kutupwa: boriti mpya hulazwa ubavuni mwake na kuingizwa ukutani pande zote mbili, au mhimili wa mti mgumu hupitishwa chini ya safu nzima kando ya ukuta, umekalia mikono iliyojengwa, ukapokea mzigo ambao vichwa haviwezi tena. Vichwa vipya vipewe nafasi ya hewa, visizikwe katika saruji. Mawe yaleyale yaliyotolewa yarudishwe, kifusi cha chokaa iliyoiva kijazwe, kipigwe, kimwagiwe maji kidogo kidogo asubuhi na jioni kisikauke ghafla, kipigwe tena. Unga wa matofali yaliyochomwa ukichanganywa humo huipa chokaa uwezo wa kuganda hata penye unyevu, na pale bafuni hilo ni lazima.

Bafu lenyewe silipingi. Familia ina haki ya bafu ghorofani. Likae juu ya upande wenye ukuta wa nje, lipewe mteremko, bomba lake lipite nje ya ukuta pawepo pa kulitazama, na mabafu ya ghorofa zote yasimame juu ya mengine, maji yashuke njia moja. Nyumba za wageni zinazotia bafu katika kila chumba, na matangi ya lita elfu juu ya paa la boriti, zimechukua jengo la familia moja na kulipa maji ya hoteli.

Sita: kwamba nyumba ni ya mtu na uamuzi ni wake

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka uliofuata. Mamlaka ya uhifadhi ya mji ipo tangu 1985. Nakubali kwamba mambo hayo hayalishi mtu, na kwamba mwenye nyumba maskini ameombwa kwa miaka mingi alinde mali ya dunia kwa mfuko wake. Siegemezi hoja yangu hapo.

Naiegemeza kwa mtu wa chini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawanywa, na leo nyumba moja yaweza kuwa na familia nne, wengine wapangaji wa serikali, wengine wa wakfu, wengine wa mtu binafsi. Sakafu ya mmoja ni dari ya mwingine. Ukuta wa nyumba hii ndio unaobeba boriti za nyumba ya jirani upande wa pili, kichwa kwa kichwa. Katika mji uliojengwa hivyo, hakuna mtu anayeongeza kilo 2,940 katika chumba chake peke yake. Anaziongeza juu ya kitanda cha watoto wa mwenzake, na juu ya ukuta wa jirani ambaye hakuulizwa wala hakuarifiwa. Haki ya kumiliki haijawahi kufika huko, wala katika dini wala katika sheria za majirani tulizolelewa nazo.

Na mtu wa chini ndiye asiyekuwa na sauti. Yeye haoni vigae vipya. Anaona mchanga kwenye sufuria, anasikia mti ukilia usiku, analalamika, akajibiwa kwamba juu kumeshatengenezwa kwa zege, asiwe na wasiwasi. Kwa hiyo nataka jambo moja lifanywe kuwa sharti la kila kibali cha ujenzi katika nyumba hizi, na kila fundi mwenye dini alifanye hata pasipo kibali: kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujapandishwa ngazi, mpangaji wa chini abishiwe hodi, dari yake igongwe boriti moja moja mbele ya macho yake, na aambiwe waziwazi ngapi ni nzima na ngapi zimeoza.